Jina la Waridi: Juhudi Isiyo na Upendo

Kitabu tunachotaka kukipima hapa kilitungwa na Umberto Eco, aliyekuwa mwalimu katika chuo kikuu cha Bologna, nchi ya Italia, kikapigwa chapa mwaka 1980. Jina lake kwa Kiswahili ni Jina la Waridi. Ni hadithi ya upelelezi, nayo yasimuliwa kama iliyotokea mwaka 1327 katika nyumba ya watawa milimani. Mtawa Mwingereza, William wa Baskerville, afika pamoja na Adso, kijana mwanafunzi wake, na mkuu wa nyumba amwomba achunguze kifo cha mtawa mmoja. Kumbe hicho ni cha kwanza tu. Kwa muda wa siku saba vifo vyafuatana.

Mmoja ameonekana chini ya ukuta baada ya mvua ya mawe, wa pili katika pipa la damu ya nguruwe, wa tatu ndani ya maji. Watu wakumbuka baragumu za Kitabu cha Ufunuo, wadhani unabii unatimia. William naye aifuata njia hiyo, na mwisho atambua kuwa ilikuwa njia ya upotevu. Hapa mtungaji atuonya vema sisi tupendao kutafuta ishara katika kila msiba.

Mwuaji ni Jorge, mtawa mzee kipofu. Ameficha kitabu cha Aristotle, mwenye hekima wa Wayunani, kinachokisifu kicheko. Kitabu ambacho hakikutufikia sisi. Jorge aogopa kwamba watu wakijifunza kucheka, hawatamcha Mungu tena. Basi amezipaka kurasa zake sumu, na kila atiaye kidole ulimi ili afunue ukurasa ajiua kwa mkono wake mwenyewe.

Twaona huu ndio uzito wa kitabu. Mwivi ajua kuwa yeye ni mwivi, na siku moja aweza kutubu. Jorge hatafuti fedha. Aamini kwa moyo wote kuwa anamtumikia Mungu, kwa hiyo hana la kutubia. Mwishoni azila kurasa zile zisisomwe, taa yaanguka, na nyumba nzima yateketea. Aliyetaka kuilinda ndiye aliyeiangamiza.

Lawama zetu ni mbili. Mabishano juu ya umaskini wa Kristo ni marefu mno, na maneno ya Kilatini hayakuelezwa. Tena William amaliza akitia shaka kama ulimwengu una utaratibu wo wote; hapo hatuwezi kwenda pamoja naye.

Lakini wasemao kwamba kitabu hiki chaidharau dini hawakukisoma vema. William naye ni mtawa, mwenye akili na huruma. Kinachohukumiwa ni juhudi iliyomwacha jirani. Basi sisi walimu na wazee wa kanisa, tuliokabidhiwa vitabu na watoto wa watu, tujipime kwanza.