Kasoro ya Picha za Ngong

Msomaji, ukipanda ghorofa la juu pale Hurlingham baada ya mvua, na kama jengo jipya halijakuziba, utaviona Vilima vya Ngong upande wa kusini-magharibi, vimepangana kama vifundo vya ngumi. Kilele kirefu chapata mita 2,460 hivi.

Picha zake ni nyingi, na uzuri wake siukatai. Mwanga ni mtulivu. Nyasi zimeinamishwa na upepo hata waweza kuusikia. Lakini tazama tena. Upepo umeonyeshwa, na kilichojengwa kuukamata hakimo! Mitambo ya umeme ilianza kusimamishwa huko mwaka 1993, na tangu 2009 imeongezeka sana: minara mirefu myeupe ambayo apitaye kwenye mgongo wa kaskazini hawezi kutoiona. Mpiga picha aipa kisogo. Wamasai nao aghalabu huachwa nje, isipokuwa wamevaa shuka nyekundu.

Kisa ni nini? Nadhani ni mnunuzi. Yeye ataka vilima alivyovisimulia Karen Blixen, bibi wa Denmark, katika kitabu chake cha 1937, naye mwandishi huyo aliondoka Kenya 1931. Basi mpiga picha apanda mlima wa leo kutafuta wa juzi, na lenzi yake yamsaidia kukata kila kisichopatana.

Wewe ukienda na kamera, simama pale kivuli cha pangaboi kinapopita juu ya majani, ungoje ng'ombe waingie.