Mwalimu Mzuri wa Muziki Utamjuaje?

Ukitaka kumpima mwalimu wa muziki wa shule ya msingi, usingoje mahafali wala mashindano ya UMITASHUMTA. Siku hizo utaona watoto waliochaguliwa na wimbo uliokaririwa muhula mzima. Nenda asubuhi ya kawaida, watoto wakiwa mstarini, wimbo wa taifa ukianzishwa.

Sikiliza sauti ya kwanza tu: imetolewa wapi? Mungu Ibariki Afrika hupanda. Ukianzishwa juu mno, darasa la kwanza wakifika kule juu hawaimbi tena, wanapiga mayowe. Ukianzishwa chini mno, wanaguna. Kwa kipimo cha kinanda, sauti ya mtoto hutulia kati ya re iliyo jirani na do ya kati na re ya juu yake. Shule nyingi hazina kinanda, lakini mwalimu anayeijua kazi ana uma wa sauti mfukoni, au ana sikio lililozoea. Akiwa mwanamume, anajua pia kwamba sauti yake iko oktavu nzima chini ya watoto, na wadogo wataitafuta hukohuko chini mpaka wapotee. Basi humwita mtoto mwenye sauti thabiti aanzishe yeye. Ukiliona hilo, mpe alama nzuri. Muziki wa wimbo huo, tukumbuke, ulitungwa na mtu wa kazi hiihii: Enoch Sontonga, mwalimu wa shule ya misheni karibu na Johannesburg, mwaka 1897.

Kisha ingia darasani, ukae nyuma. Kila darasa lina mtoto anayeimba kama anayesema, sauti haipandi wala haishuki. Walimu wengine humwambia achezeshe midomo tu, asitoe sauti. Mimi nikisikia neno hilo, ukaguzi wangu umekwisha. Mwalimu mzuri humwambia atoe sauti yoyote aliyo nayo, halafu yeye mwalimu ndiye anayemfuata mtoto hapo alipo. Wakishaungana, wanapanda pamoja, hatua moja, kisha nyingine. Uso wa mtoto hubadilika anaposikia sauti mbili zimekuwa moja. Wengi wa watoto hao masikio yao ni mazima. Hakuna aliyewahi kuwasubiri.

Ubaoni akiandika d r m f s l t, tazama fimbo yake inapofika kati ya mi na fa, na kati ya ti na do. Hatua hizo ni fupi kuliko nyingine, na ndipo kwaya huteleza. Anayezipita haraka anafundisha herufi. Anayerudi hapo, akawaimbisha taratibu bila ngoma, anafundisha kusikia.

Jambo ninalolipa uzito kuliko yote ni namna anavyoupokea muziki ambao watoto wamekuja nao kutoka nyumbani. Chukua Dodoma. Mtoto wa Kigogo amekua akisikia watu wakiimba kwa sauti kadhaa kwa pamoja, na kinamama wakipiga ngoma za muheme, kabla hajaiona nota hata moja. Sauti za ala zao, zeze na ilimba, hazilingani zote na funguo za kinanda. Baadhi huangukia katikati ya funguo mbili, na huo ndio utamu wake. Mwalimu anayezinyoosha zifuate kinanda ameharibu kitu kizima akidhani anakirekebisha. Aliyekomaa huwaacha watoto waimbe, husikiliza kwanza, ndipo huuliza nani anashika sauti ya chini.

Na akitunga wimbo mwenyewe, yaseme maneno yake bila muziki. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Wimbo unaokazia silabi ya mwisho ya kila neno huwafanya watoto waitamke lugha yao kama wageni.

Walimu wakuu na kamati za shule, mkimpata mwenye sifa hizi, mpeni vipindi vyake mwaka mzima. Msimjaze masomo mengine, kisha mkamkumbuka wiki mbili kabla ya mgeni rasmi kufika.