Breki Ile Ilikazwa ya Nini?

Samaki kapatikana, hilo sibishi. Kuyu analala majanini, kijana anacheka, na klipu imezunguka kutoka Nyamwaga mpaka Mugumu. Kila aliyenitumia aliandika yaleyale: kuyu wake wa kwanza kwa chambo bandia, mura kaweza. Nimeirudia hadi simu ikaniambia betri imeisha, na nasema mura hakuweza. Kuyu yule alijitoa mwenyewe.

Mengine yote aliyafanya vizuri: alirusha safi, akachagua kilindi kilipo, chini kidogo ya daraja la Mto Mara kwenye barabara ya Tarime kwenda Mugumu, na kijiko chake kilizunguka kwa kina kinachostahili. Basi.

Sasa turudi pale mlipopiga makofi. Kuyu kapiga. Mbio za kwanza anashuka na mkondo, rili inalia, breki inatoa mshipi kama ilivyopangwa. Hapo naona mtu aliyefundishwa. Kuyu anasimama, anageuka, kisha anaanza mbio za pili, anakata mto kutoka ng'ambo ya Serengeti alipo kijana kuelekea ng'ambo ya Tarime. Tazameni mkono wa kushoto. Unaachia mpini wa rili, unapanda mbele, unashika skrubu ya breki. Nyuma ya kamera kuna sauti inapiga kelele, "Kaza, mura, kaza!" Naye anakaza. Anazungusha mara moja, mara ya pili, na ya tatu mkitazama vizuri. Fimbo inapinda hadi kwenye kishikio.

Kwa nini? Nani alimfundisha kwamba samaki anayekimbia huongezewa breki? Breki hupangwa ukiwa umekaa, moyo umetulia, mshipi umefungwa kwenye mizani. Mshipi wa kilo 6 unataka breki ya kilo 2 hivi, theluthi moja, na baada ya hapo skrubu ile haiguswi mpaka samaki awe mchangani. Akikimbia, mwache akimbie. Ndiyo kazi ya breki.

Wanaomtetea wanasema mshipi ulikuwa unaisha. Sawa, na hapo hasa ndipo kosa lilipozidi. Breki ya rili huishika bobini, haiushiki mshipi wenyewe. Bobini ikijaa, mshipi unatoka kwa nguvu ileile uliyoipima nyumbani. Mshipi ukitoka, kipenyo kinapungua, na breki ileile inauelemea zaidi. Kipenyo kikibaki nusu, zile kilo 2 zimekuwa 4, na hakuna mkono uliogusa kitu. Ongeza maji. Mshipi uliokata mto mzima unapigwa tumbo na mkondo, unaburuzwa kuelekea Kirumi, na mzigo huo wote uko juu ya fundo moja. Breki yake ilikuwa imeshajikaza yenyewe. Yeye akaja akakaza juu ya iliyokwisha kukazwa.

Alitakiwa afanye nini? Ashushe ncha ya fimbo, ailaze upande ili samaki avutwe kwa ubavu badala ya kunyanyuliwa kichwa, kisha atembee. Ukingo pale hauna kichaka hata kimoja kwa hatua nyingi, kamera yenyewe inaonyesha. Atembee na kuyu, arudishe mshipi kwenye bobini kwa miguu yake. Kama lazima azuie, aweke kiganja kwenye ukingo wa bobini. Kiganja unakiondoa mara moja ukihisi hatari, skrubu huiondoi. Badala yake alisimama kidete kama nguzo ya umeme, akangoja fundo lishindwe.

Halikushindwa, na sababu zake mbili hazimhusu. Ya kwanza ni nailoni. Mshipi wa nailoni hunyumbulika, ukavumilia ujinga wa mwenye nao. Angekuwa na ule wa kusuka wanaousifia siku hizi, usionyumbulika kabisa, leo tungekuwa tunatazama klipu ya mtu anayelia. Ya pili ni midomo ya kuyu. Kuyu hana meno tayani. Ana midomo minene, ya nyama ngumu, na ndoana ikishaingia humo inakaa. Kazi aliyoifanya kijana ilifanywa na mdomo wa samaki.

Mpe sangara kosa lile uone. Mdomo wake mgumu wa mfupa, anaruka juu ya maji, anatikisa kichwa, na breki iliyokazwa inampa kitu cha kujikwamulia. Mpe besi vilevile. Nawataja besi kwa sababu kijana huyu, kama wengi wa rika lake, kajifunza kwa video za besi wa Marekani. Inaonekana kwenye fimbo fupi, kwenye namna anavyopiga juu kwa mikono miwili, kwenye ndoana zile za mikono mitatu zinazoning'inia. Besi walio karibu nasi wapo Naivasha, Kenya, walikopandikizwa mwishoni mwa miaka ya 1920 kwa ajili ya burudani ya wavuvi wa fimbo. Besi hukaa kwenye majani akivizia, kwa hiyo ukimnasa ni lazima umtoe haraka kabla hajajisokota humo, na breki ngumu inaeleweka. Kuyu ni samaki wa mkondo. Anakimbia mahali palipo wazi. Mbinu ya dimbwi la Florida haina kazi Mto Mara.

Na hata huko Marekani, walio bora hawakuvua hivi. George Perry, kijana wa mashambani Georgia, Juni 2, 1932, alitoka na mwenzake na chambo kimoja cha mbao baina yao, akamtoa besi wa kilo 10 na ushee kidogo kwenye Ziwa Montgomery. Walimpima, wakampeleka nyumbani, akaliwa. Mtu mwenye chambo kimoja hachezi na skrubu. Rekodi ya uzito aliyoiweka imekuja kufikiwa Julai 2, 2009, na Manabu Kurita, kwenye Ziwa Biwa la Japani, lakini yeye alitumia samaki hai, na kwa hesabu zangu hilo ni shindano jingine.

Sihitaji kufika Georgia, hata hivyo. Wazee wa Kinesi, kule ziwani, walivua sangara kwa mshipi wa mkono, bila fimbo wala rili, na breki yao ilikuwa kidole cha shahada na ngozi yake. Mshipi ukichoma, unaachia. Ukilegea, unavuta. Siku hizo Kinesi ilikuwa Tarime, kabla ya 2007 Rorya ilipokatwa kuwa wilaya yake na ziwa likaenda nayo, nasi tukabaki na ng'ombe, milima na mto. Nimeshaandika kuhusu hilo, nitaandika tena. Wilaya iliyonyang'anywa ziwa haiwezi kulaumiwa vijana wake wakijifunzia uvuvi kwenye simu.

Kuhusu ndoana nirudie ninalolisema kila msimu: toeni zile za mikono mitatu, wekeni ya mkono mmoja, muiminye kijino chake cha kuzuia kuchomoka. Huyu alichukua muda mrefu kuchomoa kuliko kuvuta.

Kwa msimu alichagua vyema, na hapa nampa haki yake. Kuna watu wanarusha vijiko Agosti na Septemba, nyumbu wakiwa wanavuka kule juu hifadhini, kisha wananiuliza mbona samaki hawali. Wanakula sana. Watafiti waliohesabu vifo vya mwaka 2001 hadi 2015 walipata wastani wa nyumbu 6,250 wanaozama kila mwaka katika mto huu, na nyama yao, mizoga inapokuwapo, ni kati ya asilimia 34 na 50 ya chakula cha samaki wa kawaida wa pale. Samaki aliyeshiba mzoga hana haja ya bati linalong'aa. Wala msivue siku za mafuriko ya kwanza. Mvua inasukuma chini maji yaliyolala kwenye vilindi vya viboko, yaliyojaa kinyesi na yaliyoishiwa hewa, na samaki wanatafuta kupumua kwanza. Machi 2022, maji yalipogeuka meusi na samaki wakaelea Kirumi, tume ya serikali ilitaja kinyesi na mkojo wa mifugo pamoja na mimea iliyooza. Wengi huku hawakukubali, na ubishi bado upo kwenye kila kijiwe cha kahawa. Ila mtu wa fimbo hangoji tume. Anatazama rangi ya maji, anarudi nyumbani.

Hao kuyu wenyewe tunawavua kwa neema. Samaki wenzao, ningu, walipanda mito hii kuzaa, wazee wakawatega kwa migono, mpaka nyavu za makila zikawekwa kwenye midomo ya mito, zikawakamata kabla hawajataga. Kuyu naye hupanda mto kutaga. Mwenye akili atamrudisha aliyejaa mayai, na huyu wa kwenye klipu, nikitazama tumbo lile, nina shaka naye.

Limebaki jibu la mwisho la watetezi, nalo ndilo zito: mamba. Alikaza, wanasema, ili kumtoa haraka kabla mamba hajavutiwa na kishindo. Mto Mara una mamba, na sitamtania mtu anayewaogopa. Lakini kwa ajili ya mamba mtu huchagua mahali pa kusimama kabla ya kurusha: juu ya mwamba, mbali na ukingo laini, na wavu wa kuopolea wenye mpini mrefu. Yeye hakuwa na wavu. Dakika ya mwisho ya klipu, ambayo wengi mliikata mlipokuwa mnaituma, inamwonyesha akiingia majini mpaka magotini kumshika kuyu kwa mikono. Aliyekaza breki kwa kumwogopa mamba haendi kumfuata ndani ya maji.