Tunapima Kiingereza cha London, lugha ya mgonjwa wa Kajiado nani anaipima?

JUZI Jumamosi asubuhi, binti wa jirani yangu hapa Kitengela alinibishia mlango akiwa amebeba daftari. Ni nesi mwenye uzoefu wa miaka saba katika vituo vya afya vya Kaunti ya Kajiado. Nilidhani ameniletea sukumawiki kutoka kwa mama yake, kama ilivyo kawaida.

"Prof, leo nimekuja na shida ya shule," alisema. "Nisaidie na hii grafu."

Grafu yenyewe ilionyesha idadi ya watalii waliozuru miji mitatu ya Ulaya katika kipindi cha miaka 30. Alitakiwa kuieleza kwa Kiingereza, kwa maneno yasiyopungua 150, kwa dakika 20 hivi. Nilimuuliza watalii hao wanahusiana vipi na kazi ya kudunga sindano. Alicheka kwa uchovu. "Hata mimi sijui, Prof. Ninachojua ni kwamba niliangushwa na nusu alama. Kusikiliza nilipita, kusoma nilipita, kuzungumza nilipita. Kuandika walinipa 6 na wanataka 6.5."

Ninataka leo tuijadili hiyo nusu alama, na lugha nyingine ambayo hakuna anayeipimia alama yoyote.

Msomaji atakumbuka kwamba mnamo Julai 2021 Kenya na Uingereza zilitia sahihi mkataba wa kuwawezesha wahudumu wetu wa afya kwenda kufanya kazi kule. Mwishoni mwa mwaka huo umma uliambiwa kwamba kati ya wahudumu 300 wa kundi la kwanza waliofanya mtihani wa Kiingereza, ni 10 pekee waliopita. Nchi ilishtuka. Mitandaoni watu walicheka, na wengine wakauliza shule zetu zinafundisha nini. Sikumbuki kusikia watu wengi wakiuliza swali la kwanza ambalo mwanafunzi wangu yeyote wa isimu angeuliza: mtihani huo ulipima nini hasa?

Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza, yaani NMC, hukubali mitihani miwili mikuu. Wa kwanza ni IELTS, ambao nesi anatakiwa kupata 7 katika kusikiliza, kusoma na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Wa pili ni OET, uliotungwa mahususi kwa watu wa taaluma za afya. Matokeo ya mitihani hii huhesabiwa kuwa halali kwa miaka miwili tu. Baada ya hapo Kiingereza chako huwa kimechacha kama maziwa, hata kama umekitumia kila siku wodini.

Tuwe waadilifu. Si haki kusema kwamba masharti haya ni hila tupu ya kuwafungia Waafrika mlango. Mwaka 2008, daktari aliyetoka Ujerumani kufanya zamu nchini Uingereza alimpa mgonjwa dawa ya maumivu mara kumi ya kipimo kilichofaa, na mgonjwa akafa. Daktari huyo hakuijua dawa ile vyema, na uchunguzi uliofuata ulifichua pia kwamba umilisi wake wa Kiingereza ulikuwa umetiliwa shaka mahali pengine kabla hajaajiriwa. Wakati huo madaktari wa Umoja wa Ulaya hawakuwa wakipimwa lugha kama wengine. Mjadala uliozuka ulichangia kubadilisha sheria, na Wazungu wenzao nao wakaanza kuulizwa wathibitishe Kiingereza chao. Kwa hivyo hoja ya msingi ni sahihi: nesi asiyeelewana na mgonjwa ni hatari, awe ametoka Berlin au Bissil.

Ninachokosoa ni namna ya kupima na namna sisi tunavyoyasoma matokeo.

Kwanza, umbo la mtihani. Katika sehemu ya kusikiliza ya IELTS, mtahiniwa husikilizishwa rekodi nne, kila moja mara moja tu, naye hujibu maswali 40. Sasa mtazame mtoto wa Kenya. Amesoma Kiingereza tangu akiwa mdogo na akafanya KCSE. Katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza kuna sehemu inayoitwa stadi za kuzungumza. Je, hupimwa vipi? Kwa maandishi! Mtahiniwa huandika kwenye karatasi jinsi neno linavyotamkwa na jinsi ambavyo angemjibu mtu kwa adabu. Hakuna sauti inayosikika katika chumba kile isipokuwa viatu vya msimamizi. Nasi walimu wa Kiswahili tusicheke. Karatasi zetu tatu za Insha, Lugha na Fasihi ni kimya vilevile, hata tunapotahini fasihi simulizi.

Mtu aliyelelewa na mitihani ya kimya anapokutana na kipaza sauti kinachosema mara moja na kunyamaza, huanguka hata kama lugha anaijua. Wale 290 hawakuthibitisha kwamba hawajui Kiingereza. Huenda baadhi yao walikuwa na udhaifu wa kweli. Lakini huwezi kutenganisha aliyekosa lugha na aliyekosa mazoezi ya mtihani kwa kutazama idadi ya walioanguka tu.

Pili, maudhui. Grafu ya watalii haipimi kazi ya nesi. Waandalizi wa IELTS hawajawahi kudai kwamba mtihani huo, ulioanza 1989, ulitungwa kwa ajili ya wauguzi. Ni mtihani wa Kiingereza cha jumla cha kitaaluma uliopewa kazi ya ubawabu. OET una nafuu. Asili yake ni Australia, na mmoja wa waasisi wake ni mtaalamu wa isimu Tim McNamara wa Chuo Kikuu cha Melbourne. Humo nesi hupewa maelezo ya mgonjwa, akaandika barua ya kumkabidhi kwa mhudumu mwingine, kisha akazungumza na mtu anayeigiza mgonjwa. Huo unafanana na kazi. Nilimuuliza binti yule kwa nini hakuuchagua. Jibu lilikuwa fupi: "Ni ghali zaidi, Prof."

Tatu, mpaka wenyewe. Hadi 2018, NMC ilidai 7 katika kuandika. Desemba mwaka huo ikateremsha hadi 6.5. Nesi aliyepata 6.5 mwezi Novemba alikuwa hatari kwa wagonjwa, na mwenzake aliyepata 6.5 mwezi Januari akawa salama. Mpaka wa alama ni uamuzi wa watu waliokaa mezani, wakapima haja yao ya wafanyakazi dhidi ya hofu yao ya makosa.

Ndivyo ilivyo hata kwa orodha za nchi. Australia imewahesabu kwa miaka mingi waliosomea Afrika Kusini miongoni mwa wanaotoka nchi zinazotambuliwa kwa Kiingereza, ilhali Kiingereza ni lugha ya nyumbani ya chini ya asilimia 10 ya watu wa nchi hiyo. Kenya, ambako mtoto husomeshwa kila somo kwa Kiingereza isipokuwa Kiswahili na lugha nyingine, haimo. McNamara mwenyewe aliandika sana kuhusu kisa cha Shibolethi katika kitabu cha Waamuzi, ambapo wakimbizi waliulizwa watamke neno moja kivukoni, na walioshindwa na sauti ya kwanza wakachinjwa. Alitaka wenzake wakumbuke kwamba kila mtihani wa lugha una kivuko na una mlinzi, na kwamba mlinzi hujua anachokitafuta kabla hujafungua kinywa.

Hadi hapo ningeweza kuhitimisha makala kwa kuwalaumu wageni, na wasomaji wengi wangepiga makofi. Lakini binti yule alinisimulia kisa kilichonigeuza shingo.

Miaka michache iliyopita alihamishiwa kituo kimoja cha afya kilicho mbali na lami. Yeye si Mmaasai. Siku moja akaja bibi wa makamo ya juu, koko kama wasemavyo wenyewe, akiongea Kimaa pekee. Aliandamana na mjukuu wa miaka 11 hivi ambaye alijua Kiswahili cha shule. Nesi akauliza, mtoto akatafsiri: "Anasema ni tumbo." Tumbo linafanyaje? "Linauma tu." Koko akapewa dawa za vidonda vya tumbo, akaenda zake. Alirudi baada ya wiki kadhaa akiwa amedhoofika. Safari hii mama anayefagia kituo, ambaye ni Mmaasai, aliingia chumbani na kumtoa mtoto nje. Koko akasema yote. Alikuwa akitokwa na damu, katika umri ambao damu hiyo ilikuwa imekoma zamani. Angemwambiaje mjukuu wake wa kiume jambo hilo?

"Nilikuwa na Kiingereza chote, Prof," aliniambia. "Na hakikunisaidia."

Hata pale mgonjwa na nesi wanaposhiriki Kiswahili, mambo si rahisi. Mgonjwa wa Kitengela husema tumbo linamsokota, linamkata, linamwaka moto, limejaa, au anaendesha. Hizo ni hali tano tofauti, na kila moja inamwelekeza mhudumu kwenye ugonjwa wake. Mtu akisema anasikia kichomi, hasemi sawa na anayesema kifua kimebana. Lakini nesi wetu amefundishwa kwa Kiingereza, ametahiniwa kwa Kiingereza na faili anaiandika kwa Kiingereza. Mara nyingi matumbo yote matano huishia kuwa maneno mawili kwenye faili: maumivu ya tumbo. Daktari wa zamu ya usiku husoma maneno hayo mawili tu.

Hapa ndipo kuna kinaya. Mwongozo wa NMC kuhusu waliosomea uuguzi kwa Kiingereza umekuwa ukitaka angalau robo tatu ya mawasiliano yao na wagonjwa wakati wa mafunzo yawe yalifanyika kwa Kiingereza. Nani katika Kajiado anaweza kuapa hivyo? Nesi anayewahudumia watu wetu vizuri, kwa Kiswahili na Kimaa, anajipunguzia ushahidi wa kwenda ng'ambo.

Na sisi tunadai nini? Ili kujiunga na diploma ya uuguzi, mwanafunzi hutakiwa kuwa na C ya Kiingereza au ya Kiswahili. Baada ya lango hilo Kiswahili hupotea darasani. Mnamo Juni 2018 serikali ilileta madaktari 100 kutoka Cuba na kuwasambaza katika kaunti, hadi mpango ulipokatizwa 2023. Walikuwa mabingwa, lakini lugha yao ni Kihispania. Kati ya daktari wa aina hiyo na koko wetu palihitajika madaraja mawili au matatu ya lugha, na mzigo huo huangukia nesi au mfagiaji ambaye halipwi hata shilingi kwa kazi ya ukalimani. Uingereza inaogopa nesi asiyeelewana na mgonjwa wa Leeds. Sisi hatujaonyesha hofu hiyo kwa ajili ya mgonjwa wa Mashuuru, ingawa Kifungu cha 7 cha Katiba kinakifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi, na Kifungu cha 43 kinampa kila mtu haki ya afya.

Kuna atakayeniambia, "Prof, unataka kuleta Shibolethi yako." Pingamizi hilo nalichukulia kwa uzito. Tukisema kwamba hakuna nesi atakayeajiriwa Kajiado bila kufaulu mtihani wa Kimaa, tutakuwa tumewapa wanasiasa wa kaunti panga la kuwafukuzia Wakenya wengine. Sitaki hilo. Kimaa kisiwe lango la kuajiriwa. Kiwe somo ambalo mwajiri humlipia nesi baada ya kumwajiri, kwa miezi michache, pamoja na kuwaajiri wakalimani wa afya kwa barua na mshahara. Yule mama mfagiaji awe wa kwanza.

Kuhusu Kiswahili sina woga. Baraza la Wauguzi la Kenya linaweza kuingiza katika mafunzo somo la mawasiliano ya kitabibu kwa Kiswahili, na kulitahini kwa mdomo: mwanafunzi, mgonjwa wa kuigiza, na mtahini anayesikiliza kama nesi anatofautisha kusokota na kuwaka. Idara zetu za Kiswahili vyuoni zina watu wa kuliandaa. Ajabu ni kwamba somo kama hilo lingewafaa hata wanaokwenda ng'ambo. Anayejifunza kumhoji mgonjwa kwa lugha moja, akamsikiliza hadi mwisho na kueleza alichosikia kwa usahihi, hubeba stadi hiyo hadi lugha ya pili. Wale wanaoenda Ujerumani baada ya mkataba wa Septemba 2024 wanajifunza Kijerumani tangu mwanzo, na mitihani yake huwataka wasikilize na waongee.

Tulimaliza grafu ya watalii mwendo wa saa sita. Binti ana akili, na nusu alama ile ataipata. Nilimsindikiza hadi langoni, nikamuuliza koko aliishia wapi. Aliniambia kwamba alipelekwa hospitali ya rufaa, na kwamba mfagiaji ndiye aliyepanda naye gari ili awe na wa kumsemea.