Kiongozi wa Makatibu katika Idara ya Hospitali

Katika NHS, mfumo wa afya wa umma wa Uingereza ulioanzishwa mwaka 1948, kiongozi wa makatibu ni nguzo ya idara ya hospitali. Baada ya kliniki, daktari bingwa hurekodi maelezo kwa sauti; makatibu huyachapa yawe barua kwa daktari wa familia, na nakala kwa mgonjwa. Kiongozi hugawa kazi, hufundisha makatibu wapya na kufuatilia orodha ya wanaosubiri, kwani lengo ni matibabu kuanza ndani ya wiki 18 tangu rufaa. Jicho lake hutofautisha miligramu na mikrogramu, goti la kulia na la kushoto. Umakini huo humlinda mgonjwa, nao unastahili heshima kubwa.