Mfinyanzi na Kigae Chake

Wahenga wetu walimtazama mfinyanzi wakamwonea imani, au pengine wakamcheka, wakasema kuwa hulia gaeni. Maana yao ni kwamba yeye awafinyangiaye watu vyungu na mitungi, akiketi kula chakula chake hana chombo kizima mbele yake. Methali hiyo nimeisikia tangu utoto, wala sikupata kuitilia shaka mpaka niliposoma habari za bibi mmoja wa nchi ya mbali, Maria Martinez wa kijiji cha San Ildefonso, katika jimbo la New Mexico, Marekani, ambaye naye, kwa namna yake, alilia gaeni, lakini riziki iliyotoka katika kigae kile iliwatosha mumewe na wanawe, ikawabakia na majirani.

Alizaliwa yapata mwaka 1887 katika Watewa, mojawapo ya kaumu zilizoikalia nchi ile kabla Wahispania hawajaijua, na kazi ya udongo aliipata kwa kuketi karibu na mwanamke wa ukoo wake na kumtazama, kama mabinti wa kwetu wanavyoipata kazi ya ukili. Mwaka 1904 aliolewa na Julian, na fungate lao likapita katika maonyesho makubwa ya St. Louis, mbele ya macho ya wageni. Baadaye mtaalamu wa mambo ya kale, Edgar Lee Hewett, alifukua magofu karibu na kijiji chao, Julian akiwa miongoni mwa vibarua; katika kifusi vikatokea vigae vya vyombo vya watu waliokwisha kusahauliwa, na Hewett akamwomba Maria amfinyangie chombo kizima mfano wa kile kilichovunjika. Alitakiwa, basi, ayafufue maarifa ambayo wenyewe walikuwa wameyazika pamoja nao, wala hapakuwa na mwalimu wa kumwuliza ila kigae chenyewe.

Hakutumia gurudumu maisha yake yote. Udongo aliukanda pamoja na majivu ya volkano, akauviringa kamba kamba, akazipandanisha juu ya kitako kilichokaa katika kisahani, kisha akaukwangua ukuta wa chombo kwa kipande cha kibuyu hata ukawa mwembamba na sawa pande zote. Chombo kikisha kukauka alikipaka uji wa udongo mwororo, akaanza kukisugua kwa jiwe laini. Na hapa ndipo penye mtihani, kwa maana uji ule husuguliwa ungali na unyevu, na mkono ukisita kwa kuitika mgeni au kumtuliza mtoto, ukakauka kabla ya wakati, kazi huanzwa upya. Julian, aliyekuwa na kipaji cha kuchora, alichora nyoka wa maji na manyoya ya ndege juu ya mng'ao ule. Kisha vyombo vilipangwa, vikafunikwa kwa mabati na mavi makavu ya wanyama, na moto ukawashwa. Ulipofika kadiri yake, ukamwagiwa samadi iliyosagwa, ukakosa hewa, moshi ukajipenyeza katika udongo. Chombo ambacho kingetoka chekundu kikatoka cheusi: palipong'arishwa pakawa kama kioo, na palipochorwa pakabaki bila mng'ao, weusi juu ya weusi. Ustadi huo waliuvumbua mke na mume yapata mwaka 1919, na kwa heshima ya fani niseme wazi kuwa sijui johari nyingine iliyotukuka kwa kutumia kitu duni kama samadi.

Mpishi wa kwetu angeuliza: chungu hicho chapika nini? Hakipiki kitu. Maji yakikaa ndani yake hukiharibia mng'ao wake. Mimi nina huzuni kidogo kwa kila chombo kiachacho jiko na kupanda rafuni. Hata hivyo, kilimo cha kijiji kilikuwa kimepungua nguvu, na vyombo hivyo visivyopika ndivyo vilivyowapa watu chakula cha kupika.

Maria hakuificha siri yake. Aliwafundisha wanawake wenzake, na inasimuliwa kuwa jirani alipomletea chombo ili kipate bei njema, aliandika jina lake juu yake bila kujizuia, jambo linalowasumbua wakusanyaji hata leo, kwani wao hutaka kila chungu kiwe na mama mmoja. Kwake yeye jina halikuwa muhuri wa milki. Ufinyanzi ulikuwa kazi ya wanawake, lakini jina la Julian likaingia kando ya lake. Na Julian alipofariki mwaka 1943, mkaza mwanawe Santana alishika brashi, likaandikwa lake. Kisha mwana, Popovi Da, akafanya kazi naye tangu mwaka 1956 hata alipomtangulia mama yake kufariki, mwaka 1971. Mjukuu Tony Da, kitukuu Barbara Gonzales na kilembwe Cavan Gonzales wote waliingia katika udongo uo huo. Mawe ya kusugulia, katika vijiji vile, hutoka mkono wa bibi kwenda mkono wa mjukuu, na jiwe lililokwisha kulainishwa na vizazi vya vidole haliuzwi.

Maria alifariki mwaka 1980, umri wake ukiwa umepita miaka tisini. Miongoni mwa vyombo vya uzee wake mna vingine visivyo na mchoro wowote, vyeusi tupu, vyenye mng'ao wa jiwe na mkono peke yake. Chini ya hivyo hakuandika jina la mume, wala la mkaza mwana, wala la mwana. Aliandika Maria Poveka, na Poveka ndilo jina alilopewa na watu wake alipokuwa mtoto, maana yake yungiyungi, ua liotalo majini.