Seli na Majirani Zake

Kwa miaka mingi, aliyetaka kuzijua seli za kinga alizitoa kwanza mahali zilipokaa. Tishu ilikatwakatwa, ikayeyushwa kwa vimeng'enya, kisha seli zikapitishwa moja moja mbele ya mwanga wa leza zihesabiwe. Hesabu ilitoka safi, na hadi leo ina kazi yake. Lakini ni sawa na kutaka kuujua Mji Mkongwe wa Unguja kwa kubomoa nyumba zote na kuyahesabu mawe.

Fundi ninayemsifu hapa habomoi. Huchukua kipande cha uvimbe kilichohifadhiwa kwa fomalini na kuzamishwa katika nta, akakikata kwa kisu cha mikrotomu kuwa utando wa maikromita 4 au 5 hivi. Unywele wa kichwani ni mnene mara kumi na zaidi kuliko huo. Utando huwekwa uelee juu ya maji ya uvuguvugu ujinyooshe, kisha huopolewa kwa kioo. Ukijikunja mahali, hapo hapatasomeka, hata mashine ya kupiga picha iwe ya bei gani. Matangazo ya mashine hizo huanzia pale kioo kinapoingia chomboni, kana kwamba utando ulijikata wenyewe.

Ndipo huja rangi. Katika mbinu ya CODEX, iliyozaliwa katika maabara ya Garry Nolan kwenye Chuo Kikuu cha Stanford, kingamwili za aina nyingi humwagwa kwa pamoja, kila aina imefungiwa kipande chake cha DNA ambacho baadaye hushikwa na rangi yake. Moja hushika protini ya seli T, nyingine ya seli B, nyingine ya makrofaji. Hadubini haiwezi kupambanua rangi zote hizo kwa mkupuo mmoja, basi huwashwa tatu, zikapigwa picha, zikaoshwa, zikaja tatu nyingine. Kila zamu viini vya seli navyo hupigwa picha, ili picha zote zilale sawasawa juu ya viini vilevile. Ni kazi ya saa nyingi, na asiye na subira ataiona ramani yake ikipinda.

Faida yake? Mwaka 2006 Jérôme Galon na wenzake mjini Paris walionyesha kwamba katika saratani ya utumbo mpana, aina ya seli za kinga, wingi wake na mahali zilipo, iwe katikati ya uvimbe au ukingoni, huashiria hatima ya mgonjwa. Mwaka 2020 kundi la Nolan lilichapisha ramani za sehemu 140 za tishu kutoka kwa wagonjwa 35 wa saratani hiyohiyo, kwa alama 56 za protini. Kati ya wagonjwa waliokuwa katika hatari kubwa, seli T za CD4 zenye alama ya PD-1 ziliandamana na maisha marefu pale tu zilipojaa katika mtaa wa granulositi, yaani eneo ambalo seli hizo nyingine za kinga zimekusanyika. Seli za namna hiyohiyo, zikikaa mtaa mwingine, hazikuashiria lolote. Matokeo hayo ndiyo yaliyonifanya niiheshimu kazi hii: yule aliyezihesabu bila kujua zilikokaa asingeyaona kamwe.

Hata hivyo ramani yenyewe ina hila. Limfositi nyingi, yaani seli kama T na B, ni nene kuliko utando, kwa hiyo kinachoonekana kiooni mara nyingi ni kipande tu cha seli, na jirani yake amembana ubavuni au amempanda juu. Programu ya kompyuta ndiyo huchora mipaka, na ikikosea, protini za huyu huandikwa kwa yule. Hapo hutokea kiumbe chenye alama za seli T na za seli B kwa pamoja, na jedwali likakitangaza kuwa aina mpya. Fundi haandiki chochote kwanza. Huifungua picha yenyewe, akakitafuta kiini: ni kimoja au viwili? Mara nyingi ni viwili.